Dawati la maswali: shajara ya karatasi moja ya A4, toleo la 1 hadi la 4

Juma la 1

Mradi wenyewe ni mdogo: karatasi moja ambayo mwanafunzi wa fizikia au uhandisi, mwaka wa kwanza na wa pili, anaijaza kabla ya kuleta swali mezani. Toleo la 1 lina visanduku vitano. Cha kwanza: swali lote, neno kwa neno. Cha pili: mchoro. Cha tatu: kinachotafutwa, pamoja na kizio chake. Cha nne: mlinganyo wa kwanza ulioandika, hata kama unahisi si wenyewe. Cha tano: mstari ulipokwama. Kila swali lina dakika 15, ubao mweupe mmoja, watu wawili wa kusaidia.

Kanuni ya meza: asaimenti yenye maksi haitolewi jibu la mwisho. Kinachotafutwa ni mstari wa kwanza uliopotoka na sababu ya kupotoka. Mtu akishauona anaondoka na karatasi yake kwenda kumalizia. Kanuni hii inaokoa muda pia. Kosa likiwa mstari wa pili, hakuna faida kukagua mistari 20 iliyo chini yake.

Tatizo la kwanza halikuwa fizikia, lilikuwa picha. Maswali yanayotumwa kwa WhatsApp yanafika yamekatwa: maneno yapo, kielelezo kimebaki ukurasa wa pili. Swali moja la boriti lilikuja hivyo, na bila kielelezo halianziki, maana egemeo la rola lina kani moja isiyojulikana, la pini lina mbili, na mwisho uliokazwa ukutani una visivyojulikana vitatu: kani mbili na momenti. Boriti moja, mzigo mmoja, hesabu tatu tofauti. Jingine lilikosa sentensi iliyo juu ya kundi zima la maswali, ile inayosema "kwa maswali yafuatayo, puuza uzito wa boriti". Kuanzia sasa picha ni ya ukurasa mzima, namba ya swali ionekane, na ukurasa wa nyuma upigwe pia.

Juma la 2

Msuguano. Sanduku la kilo 10 limetulia juu ya ubao ulioinama nyuzi 20, namba ya msuguano tuli (μ) ni 0.5, tafuta kani ya msuguano. Kisanduku cha nne kwenye karatasi nyingi kina F = μN. Hesabu inakwenda vizuri: uzito 98.1 N, kani ya ubao kwa sanduku, ndiyo N, 98.1 × cos 20 = 92.2 N, nusu yake 46.1 N. Imepigiwa mstari chini mara mbili.

Sasa liweke jibu hilo kwenye mchoro. Kani inayolivuta sanduku kuteremka ni 98.1 × sin 20 = 33.6 N. Msuguano wa 46.1 N ukielekea juu unabakiza 12.5 N za ziada, na sanduku linaanza kupanda mlima lenyewe bila mtu kulisukuma. Hapo aliyeandika hucheka na kufuta. μN ni kikomo cha msuguano tuli, si kiasi chake. Sanduku lililotulia linachukua kiasi kinachohitajika tu, yaani 33.6 N, na kikomo kinafikiwa pale tangenti ya pembe inapolingana na μ, ambayo kwa 0.5 ni nyuzi 26.6. Chini ya hapo, F = μN ni mlinganyo wa swali jingine.

Shida nyingine ya juma hili ni lugha. Maswali yanaandikwa kwa Kiingereza na data nyingine imefichwa ndani ya vivumishi. "Smooth" inakuambia msuguano ni sifuri. "Light" kwa kamba au fimbo inakuambia tungamo lake lipuuzwe, kwa hiyo kama kamba inapita kwenye roda nyepesi isiyo na msuguano, mvutano ni uleule pande zote mbili. "From rest" ni kasi ya mwanzo sifuri. "About to slip" ndiyo ruhusa pekee ya kuandika F = μN kwa kitu kilichotulia. Mwanafunzi anasema "swali halina data za kutosha", kumbe data imo ndani ya neno moja. Toleo la 2 linaongeza mstari chini ya kisanduku cha kwanza: "Zungushia maneno yenye data ndani yake."

Juma la 3

Kikokotoo (cha mkononi, si cha mafao ya wastaafu). Swali la mtetemo: x = 0.05 cos 4t, kwa mita na sekunde. Kitu kiko wapi t ikiwa 0.5? Pembe ni 2, na ni radiani. Kosaini ya radiani 2 ni −0.416, kwa hiyo x = −0.021 m, kitu kimeshavuka katikati na kiko upande wa pili. Kikokotoo kikiwa kwenye nyuzi kinatoa 0.9994, na kitu kinaonekana bado kiko pale pale kilipoachiwa.

Mashine inatangaza hali yake kwa herufi moja ndogo juu ya kioo: D au R. Kwenye Casio fx-991ES ni SHIFT, MODE, kisha 4 kwa radiani au 3 kwa nyuzi. Kanuni ya kukumbuka: t ikiwa ndani ya sini au kosaini na ω iko kwa radiani kwa sekunde, weka radiani. Mteremko, vekta na kenchi, weka nyuzi. Toleo la 2 sasa lina kiduara kidogo cha kuandika D au R kabla ya kuanza. Kinaonekana cha kitoto na tunakiacha.

Juma la 4

Boriti. Hapa ndipo muda mwingi unakwenda, na dakika 15 hazitoshi. Swali lililochukuliwa kama mfano wa ubaoni: boriti ya mita 6, A kushoto juu ya pini, B kulia juu ya rola. Mzigo wa kusambaa wa 4 kN kwa kila mita, urefu wote. Mzigo wa nukta wa 9 kN, mita 2 kutoka A. Tafuta momenti ya kupinda (kani mara mkono wake, yaani umbali wake) iliyo kubwa kuliko zote, na mahali ilipo.

Kani za egemeo hazimsumbui mtu. Mzigo wa kusambaa kwa jumla ni 24 kN na unakaa katikati, mita 3. Momenti kuzunguka A: 6B = 24 × 3 + 9 × 2 = 90, B ni 15 kN, na A ni 33 − 15 = 18 kN.

Kosa linaingia baada ya hapo. Ile 24 kN ya katikati ilichorwa kwa kalamu ya wino, mshale mnene, na mzigo wa kusambaa ukafutwa. Halafu boriti inakatwa katikati, kwa mawazo tu, ili kutafuta momenti: 18 × 3 − 9 × 1 = 45 kN·m. Jibu sahihi la mahali hapo ni 27. Mshale wa 24 umekaa juu ya mkato wenyewe, mkono wake ni sifuri, kwa hiyo mzigo wote wa kusambaa umetoweka kwenye hesabu. Mzigo-jumla ni halali kwa boriti nzima tu. Ukishakata, kipande cha kushoto kina mita 3 za mzigo, yaani 12 kN, na kitovu chake kiko mita 1.5 kutoka kwenye mkato: 54 − 9 − 12 × 1.5 = 27.

Dawa ni mpangilio wa kuchora. Mshale wa mzigo-jumla uchorwe kwa penseli, kwa mistari ya vidoti, na ufutwe mara tu A na B zikipatikana. Kisha kata. Kisha hesabu mzigo wa kipande ulichonacho mkononi peke yake.

Kosa la pili ni laini zaidi kwa sababu linakaribia ukweli. Wengi wanapima momenti chini ya mzigo wa nukta, kwa imani kwamba kilele hukaa hapo. Inatoka 18 × 2 − 8 × 1 = 28 kN·m. Fuata kani mkato (jumla ya kani za wima upande mmoja wa mkato) badala yake: kushoto tu kwa ule mzigo ni 18 − 8 = 10 kN, na mara tu ukivuka unabaki na 1 kN. Bado ni chanya. Inapungua kwa 4 kN kila mita, kwa hiyo inafika sifuri robo mita mbele, mita 2.25 kutoka A. Momenti hapo: 40.5 − 2.25 − 10.125 = 28.125 kN·m. Ihakikishe kutoka kulia: 15 × 3.75 − 4 × 3.75² ÷ 2 = 56.25 − 28.125, ileile.

Tofauti ya 28 na 28.125 ni ndogo na mtu anaweza kuuliza kelele ni za nini. Punguza mzigo wa nukta uwe 3 kN, uone: chini ya mzigo ni 20, kilele ni 21.1 na kimehamia mita 2.75. Kilele kinafuata mahali kani mkato inapobadili alama, na mzigo wa nukta unakuwa hapo pale tu unapotosha kuigeuza.

Juma la 5

Boriti ileile, sasa mkazo (kani kwa kila eneo). Mbao ya mm 100 kwa mm 200, imesimamishwa kwa ukingo. Tatizo ni vizio vitatu vinavyokutana: kN·m, mm na MPa. Ushauri wa meza ni kuacha mita kabisa na kufanya kazi yote kwa newtoni na milimita, kwa sababu newtoni moja kwa milimita ya mraba ni MPa moja, basi. Momenti 28.125 kN·m inakuwa 28.125 × 10⁶ N·mm. Moduli ya mkato, bh² ÷ 6 (b upana, h kimo), ni 100 × 200² ÷ 6 = 666,667 mm³. Mkazo: 42.2 MPa.

Anayebadilisha b na h anapata 84.4, mara mbili kamili. Ni mbao hiyohiyo imelazwa. Fundi wa kenchi hajaona fomula hiyo lakini hailazi mbao yake hata umlipe.

Anayehamia mita anakosea kwenye vipeo: mm³ moja ni 10⁻⁹ m³, mm⁴ ni 10⁻¹². Karatasi moja ilikuwa na mkazo wa Pa 0.042, yaani boriti ya paa imekazwa kidogo kuliko karatasi chini ya kalamu. Jibu likitoka na kipeo kama hicho usitafute kosa kwenye fizikia, tafuta kwenye vizio.

Juma la 6

Mitihani ya kati. Dawati limepokea maswali ya miaka iliyopita tu.

Juma la 7

Presha na joto. Tairi la gari lina presha ya geji (ile inayozidi presha ya hewa ya nje) ya 220 kPa kwa 20 °C. Baada ya safari hewa yake imefika 50 °C, ujazo haujabadilika. Geji itasoma ngapi?

Majibu matatu yaliyoletwa, na kila moja lina mzizi wake. La kwanza, 550 kPa: ametumia 50 ÷ 20, sentigredi badala ya kelvini. La pili, 242.5 kPa: kelvini ziko sawa, 323 ÷ 293, ila amezidisha presha ya geji. La tatu, 354 kPa: kila kitu sahihi, kasahau kurudi kwenye geji. Njia yenyewe ni kuongeza presha ya hewa kwanza, 220 + 101 = 321 kPa, kuzidisha kwa 323 ÷ 293 kupata 354, kisha kutoa 101. Geji inasoma 253 kPa. Sheria ya gesi inahesabu mgongano wa chembe na kuta, na chembe hazijui kwamba geji imeamua kuanzia sifuri kwenye presha ya hewa ya nje.

Mmoja aliuliza kama 101 inafaa kwa Nairobi. Swali zuri. Kwa mwinuko wa mita 1,700 hivi presha ya hewa ni kama 83 kPa, si 101. Ukiirudia hesabu geji inasoma 251 badala ya 253, kwa hiyo kwa tairi haina uzito. Kwa pampu inayofyonza ina uzito mkubwa, na tutarudi hapo.

Alama za sheria ya kwanza ya thamodainamiki nazo ziandikwe juu ya ukurasa: vitabu vingi vya uhandisi vinasema ΔU = Q − W, kazi ikiwa ile gesi inayofanya; vya kemia vinasema ΔU = Q + W, kazi ikiwa ile gesi inayofanyiwa. Vyote sawa. Kuchanganya mstari mmoja wa huku na mmoja wa kule ndiko kunakoharibu.

Juma la 8

Saketi zenye chanzo tegemezi. Betri ya 12 V, kizuizi cha 6 Ω hadi nodi a, kizuizi cha 3 Ω kutoka a kwenda chini. Kati ya chini na a kuna chanzo tegemezi cha mkondo kinachoingiza a mara mbili ya mkondo unaopita kwenye 6 Ω. Tafuta saketi ya Thévenin kwenye a, yaani chanzo kimoja na kizuizi kimoja vinavyotenda sawa na saketi nzima.

Mstari uliopotoka ni uleule kila mara: "zima vyanzo vyote", betri inakuwa waya, chanzo tegemezi kinakatwa, vinabaki 6 na 3 sambamba, 2 Ω. Lakini chanzo tegemezi hakizimwi. Si betri, ni tabia ya transista iliyochorwa kama chanzo, na ukiondoa betri ya nje transista haijaondoka.

Njia salama ina vipimo viwili. Saketi wazi: mkondo wa 6 Ω ni (12 − V) ÷ 6, unaoingia a kwa jumla ni mara tatu ya huo, unaotoka ni V ÷ 3. Inatoka V = 7.2 V. Kisha piga shoti kwenye a: V ni sifuri, mkondo wa 6 Ω ni 2 A, mkondo wa shoti ni 6 A. Ukinzani ni 7.2 ÷ 6 = 1.2 Ω, si 2. Nguvu kubwa inayoweza kuchukuliwa ni 7.2² ÷ (4 × 1.2) = 10.8 W. Kwa mwenye haraka: kikokotoo cha fx-991ES kinatatua milinganyo mitatu ya nodi kwenye MODE 5, kisha 2, lakini kitatatua kwa uaminifu hata ile uliyoikosea alama.

Toleo la 3 limetoka juma hili. Kisanduku cha sita kimeongezwa: "Jibu lako likiwa kweli, kitu hiki kitafanya nini?" Ni lile sanduku linalopanda mlima, limepewa nafasi yake rasmi.

Juma la 9

Pampu. Maji lita 2 kwa sekunde, kutoka kisimani hadi tenki lililo mita 25 juu, bomba la mm 50 kwa kipenyo cha ndani, urefu mita 80, bomba laini, ufanisi wa pampu asilimia 60. Nguvu ya mota ni ngapi?

Kasi ni 0.002 ÷ 0.001963 = 1.02 m/s. Namba ya Reynolds ni kama 51,000, mtiririko wa vurugu. Mgawo wa msuguano kwa bomba laini, kwa fomula ya Blasius 0.316 ÷ Re^0.25, ni 0.021. Upotevu: 0.021 × (80 ÷ 0.05) × 1.02² ÷ 19.62 = mita 1.8.

Na hapa ndipo vitabu viwili vinapogombana. Mgawo wa Darcy ni mara nne ya ule wa Fanning, na vyote vinaandikwa f. Wahandisi wa ujenzi na mitambo huwa na Darcy, wa kemikali mara nyingi Fanning. Ukichukua f ya Fanning, 0.0053, ukaiweka kwenye fomula ya Darcy unapata mita 0.44. Ukifanya kinyume chake, mita 7.1. Namna ya kutambua chati uliyonayo bila kusoma maelezo: angalia mstari ulionyooka wa mtiririko tulivu. Ukiwa 64 ÷ Re ni Darcy. 16 ÷ Re ni Fanning.

Kimo cha jumla mita 26.8. Nguvu inayoingia kwenye maji: 1000 × 9.81 × 0.002 × 26.8 = 526 W. Mota inadaiwa zaidi ya hiyo, kwa hiyo gawanya kwa 0.6: 876 W. Waliozidisha wamepata 315 W, mota inayotoa kazi kubwa kuliko umeme inayokula. Kisanduku cha sita kingewakamata.

Ahadi ya juma la 7: pampu iliyo juu ya kisima haivuti maji, inapunguza presha tu na hewa ya nje ndiyo inayosukuma. Kwa hiyo kikomo cha kinadharia ni presha ya hewa ÷ (ρg): mita 10.3 pwani, mita 8.5 hivi Nairobi, na kwa vitendo ni pungufu zaidi, kwa sababu ya msuguano wa bomba na maji kuanza kutoa mvuke. Swali likisema kisima ni mita 12 na pampu iko juu, jibu ni kwamba haitapandisha tone, hata ikiwa ya farasi 10. Inatakiwa ya kuzamishwa.

Juma la 10

Fezi tatu. Mzigo wa 15 kW, 400 V, 50 Hz, pawa fakta (sehemu ya nguvu inayofanya kazi halisi) 0.8. Mkondo wa laini?

Kuna karatasi mbili zilizoletwa na marafiki wawili waliofanya kila mtu kivyake, wakapata karibu jibu moja, wakaamini. Wa kwanza kasahau √3: 15,000 ÷ (400 × 0.8) = 46.9 A. Wa pili kaikumbuka √3 ila katumia volteji ya fezi: 15,000 ÷ (√3 × 230 × 0.8) = 47.1 A. Makosa mawili tofauti, jibu karibu lilelile, kwa sababu 400 ÷ √3 ni 231 na kila mmoja amekosa √3 moja. Sahihi ni 15,000 ÷ (√3 × 400 × 0.8) = 27.1 A. Anayependa volteji ya fezi aanze na 3, si √3: 15,000 ÷ (3 × 230 × 0.8) = 27.2 A. Kukubaliana na jirani si uthibitisho mpaka njia ziwe tofauti kweli.

Sehemu ya pili: kapasita za kupandisha pawa fakta hadi 0.95. Nguvu tendanishi (inayokwenda na kurudi bila kufanya kazi) ya mwanzo 15 × 0.75 = 11.25 kVAr, ya mwisho 15 × 0.329 = 4.93, kapasita zinadaiwa 6.32 kVAr. Zikifungwa delta, kila moja ni 6,320 ÷ (3 × 314 × 400²) = 41.9 µF. Zikifungwa nyota zinatakiwa mara tatu, 126 µF, maana kila moja inaona volteji pungufu kwa √3 na nguvu inafuata mraba. Mkondo unashuka hadi 22.8 A. Asiyesema amefunga vipi hajajibu swali.

Tahadhari ya vitabu vya Marekani: mifano yake ni ya 60 Hz, ω ni 377. Ukiibeba hiyo 377 kwenye swali la 50 Hz unapata 34.9 µF na kapasita zako ni pungufu kwa moja ya sita. Na Tanzania ni 230/400 V ilhali Kenya ni 240/415 V, kwa hiyo soma swali limetoka upande gani wa Namanga.

Juma la 11

Programu za akili bandia. Karatasi zinakuja zimenakiliwa kutoka huko, hati nzuri, hatua zote, na mara nyingine kosa moja katikati. Kuzipiga marufuku ni kujidanganya. Tumejaribu kutafuta matumizi yanayofaa. Linalofaa: mpe mlinganyo wako wa kwanza na mchoro ulioelezwa kwa maneno, umwombe akague huo tu. Lisilofaa: kumtumia picha ya kielelezo na kuamini kaona rola ni rola.

Kwa jibu lolote ambalo hukulitoa mwenyewe, liwe la programu au la mwenzako wa bwenini, meza inadai kipimo cha kikomo. Mfano ni boriti ya juma la 4. Ondoa mzigo wa nukta: kilele kinapaswa kuwa 4 × 6² ÷ 8 = 18 kN·m, katikati. Rudisha mzigo wa nukta, ondoa wa kusambaa: 9 × 2 × 4 ÷ 6 = 12 kN·m, chini ya mzigo. Vilele hivyo viwili haviko mahali pamoja, kwa hiyo jibu la vyote kwa pamoja lazima lizidi 18 na liwe chini ya 30. 28.125 linapita. Lile 45 halihitaji hata kusomwa hatua zake.

Juma la 12

Toleo la 4: visanduku saba, cha saba ni hicho kipimo cha kikomo. Nyuma ya karatasi kuna vitu vinne tu: mm³ na mm⁴ kwenda mita, jinsi ya kutofautisha f ya Darcy na ya Fanning, presha ya geji na kamili, na √3 inakaa wapi. Dakika 15 zimebaki kwa maswali yote isipokuwa boriti, ambayo ina 25.

Kisanduku cha tano, "mstari ulipokwama", kimehamishwa kuwa cha mwisho kujazwa. Kilipokuwa katikati watu walikuwa wanaandika "sijui pa kuanzia". Kikiwa mwisho, baada ya mchoro, maneno yaliyozungushiwa na herufi ya D au R, wengine wanakifikia na kukiacha kitupu, wanakunja karatasi na kuondoka foleni. Kenchi bado hazina ukurasa wake: alama ya mvuto na ya mgandamizo inachanganywa pale mwanafunzi anapogeuza mshale katikati ya hesabu baada ya kupata hasi. Sheria ya muda iliyoandikwa ubaoni ni kuchora fito zote zikivuta kutoka kwenye kiungo na kutogusa mshale hata mmoja hadi mwisho. Hasi itajisema yenyewe kuwa ni mgandamizo. Itaingia toleo la 5.